Leza ya CO2 kwa makovu ya chunusi: jaribu kipande kwanza

Mkuu, usilipe. Ngozi nyeusi, makovu ya mashimo, halafu saluni inakupa ofa ya vipindi vitatu vya leza ya CO2 (mwale unaochoma ngozi matundu madogomadogo ili ijijenge upya) uso mzima ukilipa kwa mkupuo? Umeuliza pia bei na krimu za kupaka baadaye. Hayo yatasubiri.

Wakuchome kwanza kipande kidogo cha ukubwa wa kucha, chini ya taya, kwa mashine ileile na mipangilio ileile, kisha ukiangalie wiki sita hadi nane. Magamba ya CO2 hutoka ndani ya wiki moja hivi, ngozi inabaki laini inang'aa, na hapo ndipo wanapokupiga picha ya "baada". Madoa meusi huja baadaye, mara nyingi wiki ya tatu au ya nne, pesa ikiwa imeshalala kwao, na unaweza kukaa miezi.

Hao wauza vifurushi wana wimbo wao: "CO2 haishiki melanini (rangi ya ngozi), inashika maji, kwa hiyo ni salama kwa mweusi." Nusu ya kwanza ni kweli: mwale wake, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, hufyonzwa na maji. Nusu ya pili ni ulaghai. Joto linalobaki pembeni ya kila tundu huleta uvimbe, na uvimbe huamsha seli za rangi. Matundu yakisongamana, joto linajikusanya. Ndiyo maana kwa ngozi yetu kinachoshushwa kwanza ni msongamano, hata kama vipindi vitaongezeka. Waulize wataweka msongamano wa asilimia ngapi. Wakijibu "mashine inajiseti yenyewe", beba mkoba wako uondoke. Mkisema nina chuki na watu wa saluni, sawa, ninayo, na risiti zake ninazo.

Tena mashimo hayafanani. Yale membamba yenye kina, leza haiyafikii vizuri. Daktari huyatona asidi ya TCA ya asilimia 70 hadi 100, shimo moja moja. Yale mapana ya mabondemabonde yamevutwa na nyuzi kwa chini, hizo hukatwa kwa sindano. Yanayobaki, leza ya nanomita 1,550 isiyochubua ngozi, au roli ya sindano ndogondogo, huacha weusi kidogo kuliko CO2. Nazo zijaribiwe kipande kwanza.

Chunusi zikiwa bado zinatoka, zitibiwe kabla ya makovu. Na kama unapaka mkorogo wenye steroidi, mwambie daktari wa ngozi kabla mtu hajawasha mashine.