Kabla ya Kuwaongoza Wageni Husuni Kubwa

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya kuongoza wageni katika magofu ya Kilwa Kisiwani, ombi langu la kwanza kwenu ni kwamba msivuke maji na mgeni hata mmoja kabla hamjashinda asubuhi nzima peke yenu ndani ya Husuni Kubwa, jumba la kale la Sultani wa Kilwa, bila kitabu mkononi. Mimi nilianza kwa kukariri maneno ya wengine. Niliwaambia wageni wangu wa mwanzo kwamba jumba lile lilijengwa na Wareno, na mzee mmoja wa kisiwani aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni alisubiri nimalize, kisha akaniita kando na kuniuliza kwa upole: "Mwanangu, Mreno alifika hapa lini?" Wareno waliuteka mji wa Kilwa mwaka 1505, na jumba hili lilikuwa tayari na umri wa karne mbili hivi. Ngome inayowachanganya wengi ni Gereza, lile boma la ufukweni ambalo Waarabu wa Omani walilijenga juu ya mabaki ya ngome ya Wareno.

Mwenye Husuni Kubwa anajulikana. Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyefukua hapa katika karne ya 20, alipata maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe, yanayomtaja al-Hasan bin Sulaiman kwa lakabu ya al-Malik al-Mansur, yaani mfalme aliyenusuriwa. Sultani huyu wa ukoo wa Mahdali alitawala mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, ilipokuwa ikipitia mikononi mwa watu wa Kilwa.

Anzeni na vyumba, kwa sababu hapo ndipo mgeni huuliza swali lake la kwanza. Vyumba ni zaidi ya mia moja, lakini karibu vyote ni vyembamba kama ujia, na mgeni hushangaa kwamba mtawala tajiri namna hiyo alilala mahali pa finyu. Mwonyesheni kuta zilipofikia dari, kisha mweleze kwamba dari nzito ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko ulionyooka hauwi mrefu sana, upana wa chumba ulikomea takriban mita tatu. Mti ndio uliopima nyumba, na ndivyo ilivyokuwa kwa majumba ya mawe ya Waswahili kuanzia Lamu hadi huku kwetu. Mwonyesheni pia mapambo yaliyochongwa kwenye matumbawe laini, ambayo fundi aliyachonga yakiwa mabichi, yametoka tu baharini, kwani yakikauka huwa magumu.

Mkitoka hapo, mpelekeni kwenye birika la pembe nane, na mumwache asimame kimya kidogo kabla hamjasema neno. Upande wa kusini uko ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa vilikuwa maghala. Birika na ghala chini ya paa moja vinatosha kumfahamisha mgeni kwamba aliyeishi hapa alikuwa mtawala na mfanyabiashara kwa pamoja.

Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, na ingawa hakulieleza jumba hili, alituachia habari za mwenye jumba. Anasimulia kwamba Sultani, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, alikuwa akitoka katika swala ya Ijumaa alipokutana na fukara kutoka Yemen aliyemwomba nguo alizovaa, tena papo hapo. Sultani alirudi, akabadilisha nguo katika nyumba ya khatibu na kumpa zile. Mwanawe alizichukua tena nguo hizo kwa kumpa yule fukara watumwa kumi badala yake, na Sultani aliposikia sifa za watu akamwongezea watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Nawasihi msiwaondoe watumwa hao katika simulizi ili ipendeze. Walikuwa watu, walitolewa kama zawadi, na utajiri uliojenga kuta hizi haukutengana nao.

Al-Hasan alipofariki alirithiwa na nduguye Daud, ambaye, kwa mujibu wa msafiri huyo huyo, kila alipojiwa na mwombaji alijibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Jumba nalo, kama uchimbaji ulivyoonyesha, halikukamilika. Jizuieni kuunganisha mambo haya mawili na kusema kwamba Daud ndiye aliyesimamisha ujenzi, hata kama mgeni atawaomba mseme hivyo, kwa kuwa hakuna andiko wala jiwe linalolisema. Mpeni maneno ya Daud kama yalivyoandikwa, mwonyesheni mahali ambapo kazi ya fundi ilikatika, kisha mwongozeni hadi kwenye ngazi inayoteremka baharini, maji yakiwa yamejaa, ili aone vyombo vilikuwa vikifikia wapi.