Gari Limepita Mikono Mingapi?

Nimepata Toyota IST ya 2005, namba D (herufi za kibao chake zinaanzia na D). Dalali kaniambia nitakuwa mmiliki wa nne, na mume wangu hataki hata kuiona. Tuache? (Msomaji, Morogoro)

Dada, kaikagueni kwanza. Gari la umri huo kupita mikono minne ni kawaida. Ninachokiogopa mimi ni mikono ya harakaharaka. Mtu akinunua gari akaliuza baada ya miezi mitatu, na aliyemfuata akafanya vilevile, mara nyingi lina ugonjwa wanaousukumiana: gia inachelewa kuingia, injini inakula oili au inachemsha mlimani. Uliza kila mmoja alikaa nalo muda gani na kwa nini aliliuza. Kisha nenda asubuhi na fundi wako mwenyewe, si wa dalali, mkaliwashe likiwa limelala. Ukikuta injini imeshapashwa moto, rudi siku nyingine. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Muuzaji anasema gari ni mkono wa kwanza, namba E. Si sawa na jipya? (Msomaji, Mwanza)

Hapana, kaka. Namba inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la 2005 laweza kuwa na namba E, na huko Japani huenda lilishikwa na watu kadhaa ambao kadi ya usajili ya hapa haiwataji. Omba karatasi ya mnada wa Japani, ulinganishe namba ya chesisi na kilomita. Karatasi hiyo hulipa gari daraja la ubora; la 4 au 4.5 ni zuri. Ukiona R au RA, gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa.

Nauziwa na mmiliki wa tatu, ila kadi bado ina jina la wa kwanza. Anayo mikataba yote ya mauziano. Inatosha? (Msomaji, Temeke)

Haitoshi, mzee wangu, na hapa ndipo idadi ya mikono inapouma kweli. Kwenye kumbukumbu za TRA, Mamlaka ya Mapato inayosajili magari, mwenye gari bado ni yule wa kwanza. Akifariki, warithi wanaweza kulidai gari. Akiwa amehama, utamtafuta kama jirani yangu mmoja aliyehangaika karibu mwaka mzima, gari likiwa uani kwake. Mwambie muuzaji abadilishe umiliki kwanza, jina lake lisome kwenye kadi, ndipo mzungumze bei. Akisema "lipa kwanza, hayo tutayamaliza baadaye", ondoka. Nakuomba sana, hata kama bei inavutia.

Mmiliki ni mmoja tu, lakini lilikuwa teksi ya mtandao. Vipi? (Msomaji, Arusha)

Mkono mmoja ulioshika usukani kutwa nzima kwenye foleni unachosha gari kuliko mikono mitatu ya kwenda kazini na kurudi. Tazama kiti cha dereva, usukani na pedali ya breki. Vikiwa vimelika huku dashibodi inasoma kilomita 60,000, huenda kilomita hizo zimerudishwa nyuma.