Bahasha ya mkandarasi kwenye barabara ya kulipia

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mhandisi msimamizi wa barabara ya kulipia inayojengwa na kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Kila ninapotia saini hati ya malipo, mkandarasi hunipa bahasha. Anasema ni mali ya kampuni, hazina ya serikali haijaguswa. Je, ni halali? Na nilizokwisha kula nizifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Bahasha hiyo ni rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani anayeitoa na anayeipokea. Hata ukiiita zawadi, kuna kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema: hii yenu, na hii nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama ataletewa zawadi. Nawe jiulize: usingekuwa na saini, bahasha ingekufikia?

Ama hoja ya "mali ya kampuni", hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kampuni haitoi mfukoni mwake. Huiandika kwenye gharama za ujenzi, aghalabu kama ada ya ushauri au kazi ya ziada, na tozo hupangwa kwa gharama hizo. Chukua mfano wa 100 zilizoliwa wakati wa ujenzi: mkataba ukiruhusu faida ya asilimia 12 kwa mwaka kwa miaka 25, wasafiri watalipa karibu 12.75 kila mwaka, jumla takriban 319. Na pale serikali ilipodhamini mapato, magari yakipungua hazina ndiyo inayofidia. Hiyo ndiyo mali ya watu inayoliwa kwa batili, iliyokatazwa katika Surat al-Baqara, aya ya 188.

Kisha itazame saini yenyewe. Mchoro unataka lami ya sentimita 10. Keekee ikitoa kipande cha sentimita 7, tatu zimeliwa, na mashimo yatawahi. Kwenye daraja, vile vipande vya zege vya sentimita 15 vinavyopasuliwa maabara siku ya 7 na ya 28 huweza kufinyangwa pembeni kwa saruji nyingi, huku nguzo imemwagiwa zege hafifu. Karatasi inasema imefaulu. Mtume alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta majimaji yaliyofichwa chini, akasema anayeghushi si katika sisi. Wewe uliajiriwa uwe mkono ule.

Acha leo hii. Usimrudishie mkandarasi, maana ameshapata alichonunua. Piga hesabu ya zote, uzipeleke hazina ya umma. Ukihofia zitaliwa tena, zitumie katika maslahi ya watu wote au wape mafukara, bila kunuia thawabu za sadaka. Ulizokwisha kutumia ni deni.

Fedha ndilo jambo jepesi. Hati ulizosaini bila kupima zingali shingoni mwako. Fungua kumbukumbu, orodhesha sehemu hizo, kata sampuli upya ukianza na madaraja, kwa kuwa huko kuna roho za watu, kisha mpelekee mwenye mradi matokeo kwa maandishi, na nakala kwa mkaguzi. Ukihofia maisha yako, pitia kwa siri chombo cha kupambana na rushwa, lakini daraja usilinyamazie. Wallahu aalam.