Sarafu kuukuu za fedha: kupiga hesabu ya madini yaliyomo

Anayeanza kununua sarafu kuukuu kwa ajili ya madini anahitaji mzani wa sonara unaosoma hadi gramu 0.01, kioo cha kukuzia, na mazoea ya kutazama mwaka kabla ya kitu kingine chochote. Rangi isikuongoze.

Chukua shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba na milima. Za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu: sarafu ina gramu 7.78, fedha safi ndani yake ni gramu 1.94. Za 1948 hadi 1952 ni shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe, lakini uzito na upana ni uleule. Kinachoponza wengi ni kwamba ile yenye fedha ikilika mara nyingi huingia unjano au ukahawia, kwa kuwa shaba yake hujitokeza, ilhali ya nikeli hubaki nyeupe. Mgeni wa kazi huikataa ya kwanza na kuing'ang'ania ya pili. Sumaku nayo haisaidii hapo, maana hainasi hata moja. Hiyo ni ya kukamatia bandia za chuma.

Rupia ni nyepesi kuhesabu. Ya Wajerumani wa Afrika Mashariki, ya Mombasa ya 1888 na ya India ya enzi za Malkia Victoria zote ni gramu 11.66 zenye usafi wa 917 kwa 1,000, sawa na gramu 10.69 za fedha. Ila rupia ya India ya fedha ya miaka ya vita, 1940 hadi 1945, ina usafi wa 500, basi gawa uzito wake kwa mbili. Riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ina gramu 28.07 kwa usafi wa 833: fedha safi gramu 23.39. Mwaka wake hausemi lolote, kwani zote zimeandikwa 1780 hata zilizopigwa karne ya 20. Kagua maandishi yaliyoinuka ukingoni ili kutambua bandia. Nyingi zilivaliwa kama mapambo, kwa hiyo kama kuna kikuku cha kutungia au risasi ya kulehemu, mzani unakupimia na visivyo fedha.

Hesabu yenyewe: uzito uliopima, mara usafi, gawa kwa 31.1035 (gramu za wakia moja ya fedha), mara bei ya wakia siku hiyo. Tumia uzito wa mzani wako, si wa kitabuni, kwa kuwa sarafu hulika. Tuseme una shilingi 100 za kabla ya 1948. Zingekuwa mpya zingefika gramu 778, lakini mzani unasema 760. Mara 0.25 unapata 190. Gawa, ni wakia 6.11. Bei ikiwa dola 30 kwa wakia (mfano tu, hubadilika kutwa), ni dola 183. Anayegawa kwa 28.35, wakia ya dukani, anapata dola 201, na tofauti hiyo ataitoa mfukoni mwake. Wakia ya zamani ya pwani, iliyokuwa uzito wa riale, pia si hii.

Ukiwa sokoni bila kikokotoo, kumbuka hivi: shilingi 16 za fedha zisizolika ni wakia moja, riale 4 ni wakia 3, rupia 32 ni wakia 11.

Hayo ni madini yaliyomo, si pesa utakayolipwa. Msafishaji wa madini hukata gharama, na kwa fedha ya robo hukata zaidi, kwani lazima ayeyushe gramu nne ili apate moja. Uliza makato kabla ya kununua mzigo, tena uulize kwa kila usafi peke yake. Riyali ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1299 wa Hijria, rupia ya Mombasa na sarafu ya Kijerumani ya rupia mbili ya 1893 na 1894 zisiingie kwenye chungu kabisa, maana wakusanyaji hulipa kuliko madini. Wala usizisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Sarafu iliyong'arishwa hivyo mkusanyaji huirudisha.