Ukitaka kuielewa oksijeni, anza na vilivyokuwa vinaimeza

Juzi kuna msomaji kanitumia meseji inboksi, anauliza: "Kaka, kama sayanobakteria walishaanza kutoa oksijeni baharini, mbona hewani haikujaa fasta?" Sayanobakteria ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na wakifanya hivo wanatoa oksijeni. Aisee nilifurahi, maana hilo ndo swali nililojengea makala yangu ya kwanza kabisa, ile ambayo mhariri mmoja aliikataa akaniambia nani atasoma habari za bakteria. Leo ndo inasomwa kuliko zote hapa kwangu. Simtaji, ila bado inauma, nisiwadanganye.

Sasa nyie mnaotaka kuandika sayansi, na najua mko wengi humu, ushauri wangu ni huu: usianze na nani aliitoa oksijeni, anza na nini kiliimeza. Dunia ina miaka kama bilioni 4.5, na karibu nusu yake ya kwanza hewa haikuwa na oksijeni ya maana, mpaka kwenye miaka bilioni 2.4 iliyopita. Hao bakteria walikuwa kama mtu anayepokea mshahara wote unaishia kwenye madeni. Bahari ilijaa chuma kilichoyeyuka, oksijeni ikikutana nacho inageuka kutu inazama chini, volkano nazo zinatema gesi kama haidrojeni zinaidaka iliyobaki, afu viumbe wenyewe wakifa wakioza wanaimeza tena. Oksijeni inayobaki ni ile tu ambayo mzoga wa kiumbe aliyeitoa umefukiwa kwenye tope kabla haujaoza na kuimeza. Hapo ndo siri yote ilipo na watu wanapita tu.

Mi nilielewa kabisa nilipoona picha za punje za pairaiti kutoka miamba ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ya karibu miaka bilioni 3. Ni madini ya chuma na salfa, yanang'aa manjano, na zile punje zimeviringika kabisa kwa kusukumwa na maji ya mto. Kwenye hewa ya leo pairaiti ikibingirishwa hivo mtoni inaoza mapema tu, kwa hiyo hewa ya enzi zile haikuwa na kitu cha kuiozesha. Oksijeni ilipopanda, kwenye ile miaka bilioni 2.4 iliyopita, punje za namna hiyo karibu zinapotea, inaanza miamba ya nchi kavu yenye wekundu wa kutu. Tafuta kitu kidogo kama hicho, kishike, ndo uandike. Narudia, anza na vilivyomeza.

Kwa viumbe wengi wa wakati ule oksijeni ilikuwa sumu. Waliobaki walijificha kwenye matope, na jamaa zao wa leo wasioipenda hewa wanaishi mpaka kwenye utumbo wako. Waliojifunza kuitumia walipata faida ya ajabu, maana glukosi ikichachuka tu inatoa ATP 2 (ATP ni kama noti ndogo za nishati ambazo seli inatumia), ikiunguzwa kwa oksijeni zinafika kama 30. Juu huko ikatokea tabaka la ozoni likazuia miale mikali ya jua. Afu kuna zaidi ya miaka bilioni moja hapo kati naziruka, na wewe ziruke, msomaji atasinzia.

Rukia kwenye miaka milioni 300 iliyopita, misitu ya kinamasi inafukiwa inakuwa makaa ya mawe, na makadirio mengi yanaiweka oksijeni kwenye asilimia 30 hivi, leo ni 21. Kulikuwa na mdudu anaitwa Meganeura, jamaa wa kerengende, mabawa yakitanuliwa yanapita sentimita 60!! Na hapo pia ni kufukiwa, sio wingi wa miti.

Ndo maana nakereka nikikuta mtu kaandika kwamba Amazon ndo inatupa oksijeni tunayovuta. Msitu uliokomaa unameza karibu yote unayoitoa, kwa kupumua kwake na kwa majani yanayooza pale chini. Andika kingine kuhusu Amazon, yapo mengi ya kweli ya kuusifia, ila hilo acha.