Metadata Ndani ya Kerneli: Maswali Yenu na Majibu

Kwa nini nipachike metadata (taarifa kuhusu kerneli, kama namba ya toleo) ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilhali naweza kuiandika katika faili dogo lililo kando yake?

Kwa sababu faili lililo kando hupotea. Kerneli hunakiliwa, hubadilishwa jina, hubanwa na kuingizwa katika taswira ya diski, na mara nyingi anayekuja kuichunguza baada ya mfumo kuanguka huwa na bainari (faili la msimbo wa mashine) ya kerneli hiyo peke yake. Linux imeliona hilo zamani: maneno yanayosomeka katika /proc/version yamo ndani ya kerneli, na anayewasha chaguo la CONFIG_IKCONFIG hupachika faili zima la usanidi, likiwa limebanwa kwa gzip, kati ya alama mbili, IKCFG_ST na IKCFG_ED.

Nimeandika kigeu cha C chenye namba ya toleo na kukiweka katika sehemu niliyoiita .meta. Katika faili la .o, linalotolewa na kompaila, kinaonekana, lakini katika bainari ya mwisho hakipo. Kimekwenda wapi?

Kwa kuwa kimefika katika faili la .o, kompaila haina hatia, ingawa nayo ina desturi ya kutupa kigeu cha static kisichotumiwa na yeyote, na ndiyo maana tunakiwekea sifa ya used. Mtuhumiwa wa kwanza ni linka, programu inayounganisha faili za .o kuwa bainari moja. Ukiiendesha kwa --gc-sections, hufuata marejeo kuanzia mahali programu inapoanzia na kuacha kila sehemu isiyofikiwa, na metadata kwa asili yake haiitwi na msimbo wowote. Dawa ni kuitaja sehemu hiyo katika skripti ya linka ndani ya KEEP, agizo la kutoitupa, na wakati huohuo kuhakikisha kwamba haimo katika /DISCARD/, orodha ya sehemu za kutupwa.

Mtuhumiwa wa pili huwanasa hata wazoefu. Kerneli nyingi hujengwa kwanza kama ELF (muundo wa faili uliogawanywa katika sehemu zenye majina), kisha hugeuzwa kuwa baiti tupu kwa objcopy -O binary, na hatua hiyo hubeba zile sehemu tu zinazopaswa kupakiwa katika kumbukumbu. Sehemu isiyo na bendera ya alloc (inayoonyesha kwamba itapakiwa), kama ile iliyoongezwa baadaye kwa --add-section bila kubadilishiwa bendera, huachwa nyuma bila onyo lolote. Ushauri wangu ni kuamua mapema: kama kerneli yenyewe itahitaji kuisoma metadata ikiwa inaendeshwa, iwe ndani ya eneo linalopakiwa na ipewe anwani katika skripti ya linka; kama ni ya vifaa vya uchunguzi pekee, inaweza kubaki katika ELF, mradi ELF hiyo itunzwe.

Jambo moja zaidi: usitegemee jina la kigeu kuipata metadata hiyo, maana strip, zana ya kupunguza ukubwa wa bainari, hufuta jedwali la majina. Weka alama ya baiti chache isiyoelekea kujitokeza kwingine, ifuatwe na urefu, kisha data yenyewe.

GRUB, programu inayopakia kerneli kompyuta inapowaka, inasema haioni kichwa cha Multiboot (alama inayoitambulisha kerneli kwake), nami nina hakika kimo. Tatizo ni nini?

Kimo, lakini huenda kiko mbali mno. Kichwa cha Multiboot ya kwanza, chenye namba 0x1BADB002, lazima kiishie ndani ya baiti 8192 za mwanzo wa faili na kianze kwenye mpaka wa baiti 4. Cha Multiboot2, chenye 0xE85250D6, hupewa baiti 32768 na mpaka wa baiti 8. Kitangulize mbele ya .text katika skripti ya linka.

Nikijenga kerneli mara mbili kutoka msimbo uleule, napata bainari mbili tofauti. Je, metadata ndiyo chanzo?

Mara nyingi ndiyo. Linux kwa kawaida huandika ndani yake tarehe ya ujenzi, jina la mtumiaji na jina la kompyuta, na kila kimoja hutofautisha bainari ambazo vinginevyo zingelingana baiti kwa baiti. Ziwekee thamani maalumu KBUILD_BUILD_TIMESTAMP, KBUILD_BUILD_USER na KBUILD_BUILD_HOST. Binafsi sioni faida ya kuhifadhi saa ambayo kompaila iliendeshwa. Alama ya komiti ya Git (hali ya msimbo iliyohifadhiwa katika historia yake) humweleza mchunguzi mengi zaidi, na CONFIG_LOCALVERSION_AUTO huiongeza katika jina la toleo, pamoja na neno -dirty endapo msimbo ulikuwa na mabadiliko yasiyoingizwa katika komiti.

Ukitaka kitambulisho kinachotokana na maudhui badala ya saa, mwagize linka aweke build-id. Ni hashi (namba inayokokotolewa kutokana na maudhui), kwa kawaida SHA-1 ya baiti 20, inayokaa katika noti ya ELF, na ile ya Linux inayoendeshwa imo katika /sys/kernel/notes. Usiichukulie kama muhuri wa usalama, kwa kuwa hubaki ileile hata baada ya strip kuibadilisha bainari. Kazi yake ni kuoanisha kerneli na faili lake la utatuzi.

Naweza kurekebisha metadata baada ya kerneli kutiwa sahihi ya kidijitali?

Hapana. Sahihi ya Secure Boot, utaratibu wa kompyuta kukubali kuwasha programu zilizotiwa sahihi tu, hulinda pia baiti za metadata, hivyo kugusa herufi moja ya toleo kunaibatilisha. Moduli za Linux zina udhaifu wa aina nyingine: sahihi yao hubandikwa mwishoni kabisa mwa faili, nje ya muundo wa ELF, na strip ikipita juu yake huiondoa. Pachika kwanza, endesha strip, kisha tia sahihi. Ukihitaji kubadilisha chochote baada ya hapo, rudia sahihi nayo.