Kwetu mwaka hufungwa kwenye jamvi la karafuu

Mleta mada ameuliza kama kuna anayekaa Desemba hii akautazama mwaka unaokwisha, na anafanyaje, maana malengo yake ya Januari hayafiki hata Machi. Nijibu kwa ya nyumbani, Pemba, upande wa Wete. Ni marefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza sisi miaka tunayo mingi. Kuna wa Kiislamu, unaoanza Muharram na kurudi nyuma siku kama 11 kila ukiulinganisha na kalenda ya ukutani. Kuna wa wazee, ule ambao watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanaukoga, yaani wanausherehekea, Julai kwa kupigana kwa migomba na kuchoma kibanda. Na huu wa Januari, ambao shamrashamra zake kwetu ni tarehe 12, Mapinduzi. Tarehe 1 watu wanalala tu. Lakini ukiniuliza mimi mwaka unaisha lini, nitakwambia unaisha karafuu za vuli zikishauzwa. Hapo ndipo madeni yanapolipwa.

Hesabu hufanywa usiku. Mchana watu wako juu ya mikarafuu. Jioni mapolo, yaani magunia, yanamwagwa, nyumba nzima inakaa jamvini kuchambua, karafuu huku, makonyo (vile vijiti vyake) huku. Mikono inakwenda yenyewe, kwa hiyo mdomo hauna pa kujificha. Mamangu hana habari na malengo. Yeye huuliza hivi: "Nani ana chako, na wewe una cha nani?" Akimaliza hapo anawataja waliokaa jamvi lile mwaka jana na leo hawapo, mmoja mmoja, na kila mmoja tunamrehemu.

Mimi haya niliyaona ya kizee. Nafanya kazi hotelini Nungwi, Unguja, na Desemba ndio msimu wa wageni, ruhusa hupati kirahisi. Nikaandika malengo yangu kwenye simu kama vijana wenzangu: pikipiki, kiwanja, kuoa. Miaka miwili mfululizo sikurudi Pemba, na sababu ya kazi ilikuwa nzuri, haina wa kuipinga.

Ukweli tulikuwa tunaujua wawili, mimi na ami, ndugu wa baba yangu. Nilimkopa 1,200,000 nikakodi mikarafuu ya mtu kabla haijachumwa. Ukikodi hivyo, faida yako na hasara yako. Nilikwenda kuiangalia nikaikuta imebeba mpaka matawi yameinama, nikajiona tajiri. Wakati ule daraja la kwanza lilikuwa likinunuliwa 14,000 kwa kilo, basi nikapiga hesabu zangu palepale chini ya mti. Nikasahau kwamba kilo tatu mbichi hutoa kama moja kavu. Nikasahau kwamba mchumaji anataka chake jioni ileile. Na mvua, hiyo hata haikunipitia kichwani. Ikatushika siku ya pili karafuu zikiwa zimeanikwa uwanjani. Tukazikusanya mbiombio, zikalala kwenye mapolo na unyevu wake, zikashika joto. Asubuhi zimepauka, hata harufu imebadilika. Daraja la kwanza nililisikia kwa wenzangu tu kwenye kituo cha kuuzia karafuu. Nikapanda meli nikarudi Unguja bila ya kumuaga ami.

Kwenye malengo ya simu deni lile halikuwamo. Nani anaandika deni kwenye malengo?

Mwaka jana nilirudi kwa sababu bibi alikuwa anaumwa. Usiku wa pili, jamvini, mama akauliza swali lake. Ami alikuwa karibu na mlango, anachambua, hanitazami. Nikasema mbele ya watu, "Mimi nina cha ami, milioni na laki mbili."

Ami akajibu, "Nilikuwa nakungoja uitaje mwenyewe." Akaendelea kuchambua. Hakuna aliyenikemea. Mtoto wa dada yangu tu ndiye aliyetaka kujua milioni ina sifuri ngapi.

Mwaka huu nimemlipa laki moja kila mwezi, miezi tisa. Mitatu imenishinda, wageni walikuwa hawapo na mshahara ukapungua. Kiwanja sina, pikipiki sina. Ukiusoma mwaka wangu kwa ile orodha ya simu utasema umepotea bure.

Kwa hiyo mleta mada, kabla ya kuandika unachokitaka, andika una cha nani. Si pesa tu: yumo na mgonjwa uliyemwahidi kwenda kumtazama. Na usiifanye hesabu hiyo peke yako chumbani, utajionea huruma. Kaa na watu wanaokujua, mikono iwe na kazi. Huna karafuu, chambueni hata mchele.

Mimi ruhusa ya siku nne nimeipata, niliiomba tangu Septemba, na tiketi ya meli nimeshakata. Safari hii bibi naye atakuwa miongoni mwa watakaotajwa. Laki tatu za ami nimezitia kwenye bahasha, nikaigundisha gamu na kuandika jina lake juu, nisije nikazila njiani.